Hatua Nane za Mbelgiji

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 mjukuu wangu alikuja kunitembelea. Nilikuwa nakunywa chai aliponisogezea simu yake na kuniuliza, "Babu, huu si ule mchezo wako?" Kwenye kioo palikuwa na ubao wa sataranji. Huko Astana, Kazakhstan, Ding Liren wa China alikuwa akipambana na Mrusi Ian Nepomniachtchi kuwania ubingwa wa dunia. Lilikuwa pambano la 12 kati ya 14, na Mrusi alikuwa mbele kwa pointi 6 kwa 5. Ding, mwenye kete nyeupe, alisogeza kitunda cha malkia, akamtoa farasi, kisha akasogeza kitunda cha mfalme mraba mmoja tu, kama mtu asiye na haraka wala makuu. Nilikirudisha kikombe mezani. Mpangilio ule wakubwa wa mchezo walikwishauona kuwa ni wa wazee na wanagenzi, na mtu huyu aliutoa siku ambayo kushindwa kungekaribia kumaliza kila kitu. Alishinda, wakawa sawa, na siku chache baadaye akawa bingwa wa dunia.

Mjukuu aliuita mchezo wangu kwa sababu amenisikia nikiutaja. Kwa hakika ni wa Mbelgiji mmoja aliyeitwa Edgard Colle. Mimi niliuazima tu, nikautumia kumshinda shemeji yangu kwa karibu miaka mitatu, na namna nilivyoupoteza si habari ya kujivunia.

Kabla sijafika huko, niseme neno juu ya majina, maana msomaji asiyecheza atachoka upesi. Sataranji ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, nao kwa Wahindi. Kete zimebadilika jina kila zilipovuka mpaka. Malkia wa Wazungu alikuwa waziri kwa Waarabu, tena waziri dhaifu aliyetembea mraba mmoja tu kwa pembe, mpaka Ulaya ilipompa nguvu zake zote mwishoni mwa karne ya 15. Yule ambaye Waingereza humwita askofu, Waarabu humwita tembo. Shemeji alisema tembo, nami nitafuata kauli yake. Vitunda ni wale askari wanane wadogo wa mbele.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa fundi saa katika mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga. Alikuwa na meza ndogo barazani, kioo cha kukuzia alichokibana jichoni, na makopo ya vipuri ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyagusa. Mchezo alifundishwa na mteja wake mmoja zama za ukoloni. Ubao aliuchonga mwenyewe kwa mninga. Kete moja, kitunda cheusi, ilikwishapotea kabla sijaoa katika nyumba ile, na mahali pake palikaa komwe ya bao. Tulicheza kila Ijumaa baada ya alasiri, na kwa miaka yote ya mwanzo alinishinda apendavyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari na yeye hakumaliza hata shule ya msingi. Sitaficha kwamba jambo hilo lilinikera.

Mwaka 1976 niliokota kitabu cha Kiingereza kwa muuza vitabu vikuukuu. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, hata jina la mwandishi sikulijua. Sura moja ilieleza mpangilio wa Colle, nami niliisoma kama mtu aliyepewa hirizi.

Mipangilio mingi ya kuanzia mchezo ni mazungumzo: wewe unasema, mimi najibu, na jibu langu hutegemea ulivyosema. Kuyajua mazungumzo hayo yote kwahitaji miaka na maktaba. Colle alikuwa na njia nyingine. Kitunda cha malkia kisonge miraba miwili. Farasi wa upande wa mfalme atoke. Kitunda cha mfalme kisonge mraba mmoja. Tembo wa upande ule ule akae mbele ya malkia, akiuangalia kwa mbali upande ambao mfalme wa adui atajificha. Kitunda kidogo kikae kwenye c3 kuutegemeza ule mti wa katikati. Farasi wa pili atoke nyuma yake. Mfalme aingie ngomeni. Ngome isogee nyuma ya kitunda cha mfalme. Hizo ni hatua nane, na aghalabu huchezwa vile vile, adui afanye hili au lile. Ya tisa ndiyo pigo: kitunda cha mfalme, kilichokuwa kimenyamaza muda wote, kinasonga tena hadi e4, katikati inafunguka, na tembo, farasi na malkia wote wanajikuta wakimtazama mfalme mmoja.

Kwa hiyo si mazungumzo tena, ni hotuba iliyoandikwa nyumbani. Mcheza bao ataielewa raha yake. Wapo wachezaji ambao mawazo yao yote ni kuilinda nyumba, wakuache uhangaike huku na huku na kete zako, mpaka siku nyumba hiyo itakapopigwa au kusambazwa.

Ijumaa ya kwanza nilishinda kabla ya magharibi. Shemeji alikuna kidevu akasema, "Leo mwalimu umekuja na kitu." Ijumaa iliyofuata nilishinda tena. Naye hakuwa mtu wa kununa. Alizipanga kete upya, akamwagiza mtoto kahawa, akapoteza tena.

Huyo Colle, kama nilivyokuja kusoma baadaye, alizaliwa Ghent mwaka 1897. Alikuwa bingwa wa Ubelgiji mara sita kati ya mwaka 1922 na 1929. Mwaka 1926 alishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Amsterdam, akimtangulia Max Euwe, Mholanzi aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935. Mwaka 1930 alishinda Scarborough, Uingereza, mbele ya Maróczy na Rubinstein, watu ambao enzi zao walihofiwa kila walikokwenda. Na wakati wote huo alikuwa mgonjwa. Vidonda vya tumbo vilimtesa. Alipasuliwa mara tatu, akapona kila mara na kurudi ubaoni. Mara ya nne hakurudi. Alifariki mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 34.

Nimefikiri sana juu ya tumbo la Colle. Pambano la siku zile lilikula saa nyingi, na mengine yaliahirishwa yakaendelea kesho yake. Mtu mwenye maumivu hana akiba ya nguvu ya kutumia katika hatua kumi za mwanzo. Sina ushahidi kwamba ndiyo sababu aliupenda mpangilio wake, hayo ni mawazo yangu tu. Lakini nikiyatazama mapambano yake namwona mtu anayepita mwanzoni kwa utulivu, akijiwekea nguvu, kisha anazitoa zote kwa mkupuo.

Pambano lake mashuhuri kuliko yote lilichezwa Nice, Ufaransa, mwaka 1930, dhidi ya O'Hanlon wa Ireland. Hatua nane zilikwenda kama nilivyozieleza, na ya tisa ikafuata. Katika hatua ya 12 tembo mweupe aliruka kutoka katikati, akala kitunda kilicho mbele ya mfalme na kujitoa mhanga. Mfalme mweusi alimla. Farasi akaruka na kumtishia. Mfalme, badala ya kurudi nyumbani, alitoka nje uwanjani, na huko akawindwa na kitunda, ngome, farasi na mwishowe malkia. Kufikia hatua ya 20 O'Hanlon alisalimu amri. Wachambuzi wamebishana tangu hapo kama kafara ile ilikuwa halali kabisa, na kama mfalme angerudi nyumbani ingekuwaje. Wabishane. Mimi niliicheza peke yangu usiku kwa taa ya chemli mpaka mke wangu akaniuliza kama mitihani ya wanafunzi imekwisha kusahihishwa.

Aliyeueneza mpangilio huu baada ya Colle kufa ni mwenzake, George Koltanowski, Mbelgiji pia, mzaliwa wa Antwerp mwaka 1903. Aliucheza, akauandikia kitabu, akaufundisha. Sifa yake kubwa hata hivyo ilikuwa nyingine: alicheza bila kuuona ubao. Mwaka 1937, mjini Edinburgh, alicheza na watu 34 kwa wakati mmoja, yeye akiwa hatazami ubao hata mmoja, akitajiwa hatua na kujibu kwa mdomo. Ilichukua zaidi ya saa 13. Alishinda 24, akatoka sare 10, hakushindwa hata pambano moja. Idadi hiyo imekwisha kupitwa. Mwaka 2016 Timur Gareyev alifikisha 48. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Koltanowski alikuwa ziarani katika nchi za Amerika, na ndivyo alivyosalimika, kwani alikuwa Myahudi na baadhi ya jamaa zake waliobaki Ulaya waliuawa. Aliishia San Francisco, ambako aliandika safu ya sataranji gazetini tangu 1948 hadi alipofariki mwaka 2000.

Mtu anayebeba ubao 34 kichwani lazima apende mpangilio unaojirudia. Hilo nalo ni wazo langu tu, lakini nadhani kila aliyewahi kufundisha darasa la watoto 50 atanielewa.

Sasa nirudi barazani. Mwaka 1979, baada ya wiki kadhaa ambazo hatukucheza kwa sababu ya msiba ukweni, shemeji alizipanga kete, akanipa nyeupe bila kupiga kura. Nikasogeza kitunda cha malkia. Naye vivyo hivyo. Nikamtoa farasi, naye akatoa. Nikasogeza kitunda cha mfalme mraba mmoja. Hapo kila siku yeye alisogeza kitunda chake cha mfalme mraba mmoja pia. Siku ile hakukigusa. Alimchukua tembo wake wa upande wa malkia, akampeleka moja kwa moja hadi f5.

Sikushtuka. Hatua ya nne niliijua hata nikiwa usingizini: nikamtoa tembo wangu, wakatazamana ana kwa ana. Ndipo akasogeza kile kitunda cha mfalme, taratibu, akaegemea ukuta. Nikamla tembo wake, akamla wangu kwa kitunda, na kitunda hicho kikabaki f5, kikiulinda ule mraba wa e4 ambao hotuba yangu yote ilikuwa inauendea. Nikaendelea na hatua zangu, ya tano, ya sita, ya saba, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Pigo la tisa halikuwapo. Kufikia saa moja nilikuwa nimeshindwa.

"Nani kakufundisha?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nani wa kunifundisha? Nimekutazama tu, mwalimu. Mimi nilikuwa nafunga mlango na mtu wangu yumo ndani. Sasa namtoa kwanza, ndiyo nafunga."

Katika vitabu nilivyosoma tangu siku hiyo sijaona maelezo bora kuliko hayo. Ndilo jibu lenyewe. Kitunda cheusi kikisogea e6 mapema, tembo wa malkia amefungiwa nyuma yake, na mpangilio wa Colle unaishi kwa kufungiwa huko. Akitoka kabla, mweupe aking'ang'ania kumkabili kwa tembo wake amepoteza silaha aliyokuwa akiinoa. Dawa ya mweupe ipo: hatua ya nne aachane na hotuba, asogeze kitunda cha c hadi c4, kisha malkia atoke kwenda kukitishia kitunda cha b7, ambacho kimeachwa bila mlinzi yule tembo alipoondoka. Lakini hapo amekwisha kuingia katika mazungumzo, na atatakiwa kusikiliza. Dawa hii ilikuwamo katika kitabu changu, ukurasa wa pili wa sura ile ile. Niliuruka kwa sababu ulikuwa na mistari mingi midogo na kwa sababu nilikuwa nashinda.

Nilipoteza Ijumaa tano mfululizo. Badala ya kurudi kwenye ukurasa ule, niliacha kwenda. Kwanza nilisema nina mitihani ya kusahihisha, na kwa kweli ilikuwapo. Kisha nikasema nina kikao. Mke wangu aliniambia, "Kaka anakuulizia," nami nikamjibu kwamba nitapita. Sikupita. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, ninayefundisha vijana sababu za vita vya mataifa, na nilikuwa nimemsusia mtu kwa sababu ya kitunda. Miezi minane ilikwisha hivyo.

Katika miezi hiyo alikuwa anapofuka. Kisukari alikuwa nacho tangu zamani, na macho yalikuwa yakimwacha kidogo kidogo, naye hakumwambia mtu. Saa ndogo za wanawake alikuwa amekwisha kuzikataa. Aliwaambia wateja vipuri hakuna, na kwa kuwa miaka ile vipuri havikuwapo kweli, wala sabuni, kila mtu aliamini. Alibaki na saa za ukutani, ambazo magurudumu yake aliweza kuyapapasa. Mke wangu aliligundua siku kaka yake alipommiminia chai juu ya mkono. Alirudi nyumbani akaniambia, akaongeza kwamba kaka aliuliza tena kama mwalimu amekwisha kusahihisha.

Nilikokotoa baadaye, kwa kadiri nilivyoweza kuulizia. Ijumaa zile tano nilizoshindwa alikuwa bado anauona ubao. Nilipoacha, huenda ilikuwa imebaki miezi minne au mitano hivi ya kuona sawasawa. Aliishi hadi mwaka 1986 na tulicheza sana, lakini hiyo miezi sikuipata tena wala yeye hakunidai.

Siku niliyorudi nilikwenda na misumari midogo ya viatu niliyoinunua kwa fundi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kete nyeusi za wasioona hutiwa alama kichwani ili mkono uzitambue. Nilikaa barazani nikizigonga moja moja, yeye ameketi kando yangu akizisikiliza. Ile komwe haikuhitaji msumari. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza kama mtoto wangu wa pili ameacha kukohoa.

Nilipomaliza alizipapasa zote, akazipanga mwenyewe bila kukosea, akaugeuza ubao nyeupe zije kwangu. "Cheza ile yako," alisema.

Nilisogeza kitunda cha malkia, nikakitaja kwa sauti. Akasogeza chake. Nikamtoa farasi, naye akatoa. Nikasogeza kitunda cha mfalme mraba mmoja. Vidole vyake vilipita juu ya misumari, vikampata tembo, vikahesabu miraba hadi f5. Nikasogeza kitunda cha c, miraba miwili, lakini hiki sikukitaja.

Alinyoosha mkono mahali ambapo tembo wangu alipaswa kuwapo, akakuta mraba mtupu. Vidole vikaenda kulia, vikarudi kushoto, vikafika kwenye c4, vikasimama. Akakigusa kitunda kile kwanza juu, halafu ubavuni, kama alivyokuwa akigusa saa ambayo hajawahi kuifungua.

"Hiki hukuwahi kukiweka hapa."

"Sikuwahi, shemeji."

Akamwita mtoto alete kahawa, akavuta mto mgongoni, akaanza kufikiri.